Ikipona Utaondoka

Siku waliyokutana, mwanamume yule alikuwa haoni. Hakuwa kipofu, la. Alikuwa ametiwa dawa ya kupanua mboni dakika kumi zilizopita, akaambiwa atulie kwenye benchi, naye kwa ubishi wake akainuka kwenda kupanga foleni ya tarehe ya kurudi. Alikwenda akipapasa migongo ya watu na kuomba radhi kila hatua. Ukumbi wa kliniki ya macho ulikuwa umefurika tangu asubuhi, kila mtu na pamba yake, na harufu ya spiriti ilikuwa inawasha pua.

Mbele yake palikuwa na madirisha manne ya usajili. Kwenye dirisha la tatu sauti ya kike ilikuwa ikimhoji mzee mmoja.

"Jina lako lina ng' kama ya ng'ombe, au ng kama ya ngoma?"

"Andika tu, mwanangu. Wenzako huwa hawaulizi."

"Mimi nauliza, baba. Jina likikosewa leo, kesho jalada lako halitaonekana, na jicho litakuwa linasubiri."

Mwanamume alitabasamu peke yake. Ilikuwa sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, yenye mzaha uliojificha ndani. Alikuwa bado anaisikiliza pale ukumbi mzima ulipoguna kwa pamoja. Skrini zote nne zilikuwa zimekuwa nyeusi.

"Imekufa tena!" ilisema ile sauti. "Ya pili leo, na hata saa nne haijafika."

"Imeandika nini kabla ya kufa?" mwanamume aliuliza.

"Nani anauliza?"

"Fundi. Kazi yangu ni mifumo ya kompyuta."

"Fundi gani anayeongea na nguzo?"

Kweli, alikuwa ameielekea nguzo. Watu walicheka, naye akacheka nao, akaifuata sauti mpaka akapitishwa mlango wa pembeni na kusimamishwa nyuma ya kiti cha mwenye sauti. "Nisomee mstari wa mwisho," alimwambia. "Mimi hapa naona ukungu mtupu."

"Unasema programu imeuawa kwa ishara namba kumi na moja. Basi. Haina neno lingine."

"Kumi na moja maana yake imeshika pasipo pake. Kumbukumbu ya mashine imegawanywa, kila programu ina sehemu yake. Ikigusa sehemu isiyo yake, mashine inaiua hapohapo."

"Bila onyo?"

"Bila onyo lolote."

"Basi na wewe toa kiwiko chako kwenye mkate wangu."

Macho yalipomrudia baada ya saa tatu, hakwenda nyumbani. Alirudi ukumbini kutafuta mwenye sauti. Alimkuta amevaa blauzi ya njano iliyokolea, skafu ya bluu shingoni, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele, na uso mpole wenye nyusi zinazobishana na kila anachokisema. Yeye mwenyewe alikuwa na shati la mistari lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Mwanamke alimwangalia akigeuka, akaona mgongo ulivyokunjamana, akajua huyu anaishi peke yake.

Wenzake walimwita Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha watoto kuandika kwa miaka sita kabla ya shule yao kufungwa. Mwanamume waliishia kumwita Fundi. Nasi tuwaite hivyohivyo, maana hata wao wawili waliitana hivyo na kulifanya jina la kazi kuwa jina la mapenzi kabla ya kukiri mapenzi yenyewe.

Meneja wa kliniki alimwajiri wiki ileile. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea usoni na ya kuonea mbali kichwani, na zote mbili hazikuwahi kumfundisha kusoma taratibu. Mapatano yalikuwa mafupi: Fundi akae mpaka programu ipone. Naye alikubali huku akijua kuna kazi nyingine inamngoja, ya miezi kumi na minne, katika mji ulio mbali mwendo wa siku nzima kwa basi. Wenyewe walikuwa wamemwambia amalize alichonacho ndipo aje. Mwalimu alilijua hilo tangu siku ya pili, maana Fundi hakuwa mtu wa kuficha mambo. Yaani programu ikipona, Fundi anaondoka.

Mashine kuu ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, inaendeshwa na mfumo wa Linux, ngumu kama shoka, imefanya kazi miaka bila kuzimwa. Mashine haikuwa na neno. Ni programu ya usajili iliyokuwa ikidondoka ndani yake, leo mara mbili, kesho isidondoke hata mara moja, keshokutwa mara tatu, na ikidondoka madirisha yote yanakwenda nayo. Fundi alipima kumbukumbu ya mashine, akapima diski, akapima joto, akabadilisha nyaya. Vyote vizima. Alikaa na daftari la mashine, lile faili linaloandika kila tukio na dakika yake, akagundua jambo moja tu: kila programu ilipokufa, lililokuwa likihifadhi jina la mgonjwa ni dirisha la tatu.

Basi akabeba kiti, akakaa ubavuni mwa Mwalimu aone kwa macho yake. Alikaa siku ya kwanza. Haikufa. Alikaa ya pili. Haikufa. Akienda kunywa maji, inakufa.

"Ukiwa hapa haifi," Mwalimu alisema.

"Basi nikae hapa maisha."

"Kiti hicho ni cha wagonjwa."

"Mimi nimeumwa tangu siku ile ya nguzo, ila hujanisajili."

"Foleni inaanzia mlangoni, Fundi."

Shoga yake wa dirisha la pili alikuwa akisikia yote, akijifanya anahesabu fomu.

Sasa nikwambie siri ambayo Fundi hakuijua. Kwenye kibodi ya Mwalimu, kitufe cha ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu ya ng', kilikuwa kimevunjika. Wengine wangeiacha. Yeye, mwalimu wa kuandika, hakuweza. Alijitumia alama moja kutoka kwenye simu yake, akaihifadhi kwenye kijifaili, na kila akikutana na ng' alikuwa akifungua kijifaili kile, akinakili alama na kuibandika kwenye jina. Ilichukua muda, na aliona ni jambo la kijinga. Hakutaka Fundi amwone akihangaika hivyo. Kwa hiyo Fundi akiwa ubavuni, kila mwenye jina la ng' alielekezwa dirisha la pili kwa sauti tamu: "Nenda pale, mpendwa, kuna nafasi." Mapenzi ndiyo yaliyokuwa yakificha ugonjwa.

Jioni walipigiana simu.

"Umefika?"

"Nimefika. Umekula?"

"Nimekula. Haijafa tena?"

"Mimi nimepiga kujua hali yako, wewe unaniuliza habari za marehemu?"

"Haya, hali yangu nzuri. Yako?"

"Yangu itategemea. Kesho utavaa ile skafu?"

"Skafu inakusaidia nini kwenye uchunguzi?"

"Inanisaidia kuamka."

Akikata simu, Mwalimu alikuwa akibaki ameishika mkononi, akitazama ukuta. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mitatu na alikwishazoea kuwa peke yake, au alidhani amezoea. Sasa kila asubuhi alikuwa anaingia ukumbini akiomba mambo mawili yasiyokaa pamoja: kazi ya Fundi ifanikiwe, na isifanikiwe. Kumkumbuka mtu ambaye bado hajaondoka ni mateso ya aina yake, na aliyabeba bila kumwambia mtu.

Wiki ya nne Meneja alidai ripoti. Fundi aliiandika asubuhi mapema, kwa lugha yake ya kazi. Aliandika hivi: "Chanzo cha vifo vyote ni dirisha la tatu. Sababu bado haijulikani. Uchunguzi unaendelea." Kwake yeye chanzo kilikuwa mahali tu, kama mtu anavyosema chanzo cha mto. Aliiweka mezani kwa Meneja, akajifungia chumba cha mashine, maana asubuhi hiyohiyo alikuwa ameona kitu.

Aliona kwamba programu inapouawa, mashine inaweza kuhifadhi kila ilichokuwa nacho kichwani sekunde ile ya mwisho, faili zima ambalo mafundi huliita mabaki. Lakini fundi aliyemtangulia, kwa kubana nafasi kwenye diski, alikuwa ameweka ukomo wa mabaki kuwa sifuri. Ndiyo maana ilikuwa ikifa bila kuacha hata neno. Fundi aliondoa ukomo ule, akawasha programu upya, akasubiri ife.

Saa nne kasorobo, foleni ilipokatika kidogo, Mwalimu aliandika kitu kwenye skrini yake, akakitazama, akakifuta. Kisha akaja bibi mmoja mwenye jina refu, na programu ikafa.

Saa sita Meneja alitoka ofisini na ripoti mkononi. Alikuwa amesoma sentensi ya kwanza, akaishia hapo. Alisimama katikati ya ukumbi, mbele ya wagonjwa na mabenchi yao.

"Mwalimu, kusanya vitu vyako. Kuanzia leo utakuwa ghala la majalada."

"Nimefanya nini, Meneja?"

"Mimi si mtaalamu. Fundi mwenyewe ameandika: chanzo ni wewe."

Alimpa karatasi asome. Mwalimu aliisoma mpaka mwisho, lakini macho yake yalibaki kwenye mstari wa kwanza. Wiki nne mtu alikuwa amekaa ubavuni mwake, akimchekesha, akimuuliza habari za skafu. Kumbe alikuwa kazini. Kumbe aliyechunguzwa ni yeye. Alichukua kikombe chake, kalamu zake mbili na sweta, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimtazama kwa macho yaliyotiwa dawa.

Fundi alitoka chumba cha mashine saa saba, masikio yakimvuma kwa feni, akakuta mtu mwingine kwenye kiti.

"Yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi?" shoga wa dirisha la pili alimjibu bila kuinua uso. "Si umeandika wewe?"

Alikimbia kwa Meneja, akaeleza chanzo maana yake nini. Meneja alimsikiliza mpaka akamaliza. "Tusibishane maneno," alisema. "Tutaona kama itakufa tena."

Haikufa. Hapo ndipo balaa lilipokuwa. Ilimaliza siku hiyo, ikamaliza wiki, skrini zinawaka kama kawaida, na kila saa iliyopita bila kifo ilizidi kumtia Mwalimu hatiani. Watu wa ukumbini walianza kusema, afadhali alivyoondolewa. Fundi alikuwa fundi wa kwanza duniani kuomba programu idondoke.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Alituma ujumbe: "Sikumaanisha ulivyosoma." Haukujibiwa. Alituma mwingine: "Naomba dakika tano." Siku ya tano simu ilipokelewa, moyo ukamruka, lakini sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Mimi mama yake. Ameniambia niseme hayupo. Mimi sisemi uongo, kwa hiyo nakwambia ukweli: yupo, hapa mbele yangu, na hataki."

"Shikamoo, mama. Naomba umwambie..."

"Marahaba. Simu imekatika." Na ikakatika kweli.

Alimkumbuka mno. Kiti chake bado kilikuwa pale kando ya dirisha la tatu, hakuna aliyekiondoa, naye hakuthubutu kukikalia. Alinunua mkate asubuhi akausahau mfukoni. Barabarani akiona kitambaa cha bluu anageuka. Ile kazi ya mji wa mbali, aliyokuwa ameitamani mwaka mzima, ilikuwa imemtoka moyoni kabisa. Yote yangevumilika kama angejua kwamba na mwenzake anamkumbuka, lakini hilo hakuwa na pa kuliuliza. Upande wa pili wa mji, katikati ya rafu za majalada, Mwalimu naye alikuwa akiiweka simu mezani skrini ikitazama chini, kisha akiigeuza kila baada ya dakika mbili.

Siku ya tisa Fundi aliyapata mabaki. Alikuwa ameyatafuta kwenye folda ya programu asiyaone, akadhani kifo kile cha saa nne kasorobo hakikuhifadhiwa. Kumbe programu, ikishawashwa, ilikuwa inahamia folda nyingine ya fomu za kuchapisha, na ilifia huko. Faili lilikuwa limekaa pale siku zote tisa.

Alilifungua. La kwanza aliloliona ni jina la yule bibi, jina la herufi thelathini na nane lenye ng' mbili. Mahali pa kila ritifaa palikuwa na alama tatu za ajabu. Fundi aliinuka, akakaa, akainuka tena. Ritifaa ya kibodi huchukua nafasi moja. Hii ilikuwa ile iliyopinda, ya kwenye simu, nayo huchukua nafasi tatu. Programu ilikuwa imetenga nafasi arobaini kwa jina. Ilihesabu herufi thelathini na nane, ikaona zinatosha, kumbe nafasi zilikuwa arobaini na mbili. Mbili zilimwagikia pasipo pake, na mashine ikaua. Alichokuwa hajui ni alama ile imefikaje kwenye kibodi ya kliniki.

Aliteremka zaidi kwenye mabaki, atafute mengine. Ndipo akakuta mstari huu, peke yake:

"Mungu anisamehe. Naomba isipone. Ikipona utaondoka, na mimi sijui nitakusahau vipi."

Aliusoma mara nyingi. Aliufunika uso wake kwa viganja, na hapo kwenye chumba kile cha feni alilia kwa furaha na kwa aibu ya alichomtendea mwenye maneno hayo. Kisha akili ya kazi ikamrudia. Faili hilihili linalomsafisha Mwalimu ndilo linalosema kwamba alikuwa anaomba programu isipone. Likifika mikononi mwa Meneja, msomaji wa sentensi moja, Mwalimu hatarudishwa dirishani. Atafukuzwa kabisa.

Alikwenda kwa Meneja. "Nimepata sababu. Kosa ni la programu, si la Mwalimu."

"Ushahidi?"

"Upo kwenye mabaki."

"Yachapishe yote, niyasome."

"Hayo siwezi kukupa," Fundi alisema. "Nipe mpaka kesho. Nitakuonyesha kwa macho."

Mchana huohuo alikwenda ghala la majalada. Mwalimu alikuwa juu ya ngazi, amevaa koti la kijivu la kazi, skafu ya bluu ameifunga puani kuzuia vumbi.

"Umekuja kuandika ripoti ya hapa pia?"

"Sikuandika jina lako, Mwalimu."

"Uliandika dirisha langu. Kwenye dirisha kuna kiti, na kwenye kiti nilikuwepo mimi. Ulidhani wangeondoa kiti?"

"Nimekosea," Fundi alisema. "Niliandika kama fundi, nikasahau kuna mtu. Ukitaka unipige na jalada, chagua lililo nene."

Mwalimu hakucheka, ila alishuka ngazi moja.

"Naomba jambo moja tu uniambie. Ng' unaiandikaje?"

"Umekuja kunitania?"

"Nakuomba."

Alimweleza basi, kwa shingo upande: kitufe kilichovunjika, alama ya simuni, kijifaili, na jinsi alivyowapeleka watu dirisha la pili kila Fundi alipokuwa karibu. Fundi alikaa chini kwenye sakafu ya vumbi, suruali na yote, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Kwa hiyo kweli nilikuwa mimi," Mwalimu alisema polepole, baada ya kuelezwa habari ya nafasi tatu.

"Hapana. Programu iliambiwa majina ya watu ni mafupi na mepesi. Wenzako waliiacha ritifaa, wakawageuza watu majina, programu ikaishi raha mustarehe. Wewe peke yako uliyaandika yalivyo, ikashindwa kuyabeba."

Alishuka ngazi zote. Walikuwa wanatazamana sasa. Fundi aliona angeweza kuishia hapo, akanyamazia lile lingine milele, na hakuna ambaye angejua.

"Kuna jingine," alisema. "Nimesoma ulichofuta."

Mwalimu aliivuta skafu usoni. "Nilifuta."

"Mashine haifuti. Inaandika tu kwamba hapo pako wazi, mpaka aje mwingine kupakalia. Yalikuwa bado yamo."

"Ungenyamaza, Fundi! Ungenifanyia hisani ukanyamaza!"

"Ningekuwa nimekudanganya mara ya pili."

"Meneja ameona?"

"Hajaona. Nilimnyima. Na nimeyafuta kisawasawa, nikaandika sifuri juu yake kabla sijatoka."

"Sasa ushahidi wako uko wapi?"

"Ni wewe. Njoo kesho uiue mbele yake."

Mwalimu aligeuka akashika majalada, akayapanga upya yaliyokuwa yamepangwa. Alikuwa amemgeuzia mgongo alipouliza: "Na uliposoma, ulisema nini?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Sijauliza ulikuwa na nani."

"Nilisema, kumbe si mimi peke yangu."

Mabega yake yalitulia.

"Saa nne," Mwalimu alisema hatimaye. "Na upige pasi mgongo wa shati."

Kesho yake saa nne ukumbi ulikuwa umejaa kama kawaida. Meneja alisimama nyuma ya dirisha la tatu na miwani yake yote. Mwalimu, kwenye blauzi ya njano, aliandika jina la majaribio, refu, lenye ng' mbili, kwanza kwa kibodi ya dirisha la pili. Programu ilihifadhi. Kisha akahamia kibodi yake, akafungua kijifaili, akanakili, akabandika mara ya kwanza, akabandika ya pili. Alimtazama Fundi, akabonyeza.

Skrini nne zikawa nyeusi. Ukumbi ukaguna. Mtu pekee aliyecheka alikuwa Mwalimu, na alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Meneja alivua miwani ya usoni. "Basi rudi kwenye kiti chako," alisema kwa sauti ndogo.

"Niliondolewa kwa sauti kubwa, Meneja."

"Nimekosea, Mwalimu. Rudi." Alisema hivyo, lakini ni wa benchi la mbele tu waliosikia, akarudi ofisini kwake.

Fundi alirekebisha siku hiyohiyo. Ilikuwa mistari miwili, na nafasi za jina akaziongeza mpaka mia mbili. Mchana kutwa Mwalimu aliandika kila ng' iliyopita mbele yake, na programu haikutikisika. Saa kumi Fundi alitoka chumba cha mashine na begi begani, akaja upande wa nje wa dirisha, akasimama kama mgonjwa.

"Imepona," alisema.

"Nimeona."

"Basi langu ni Jumatatu alfajiri."

"Miezi kumi na minne," Mwalimu alisema. "Nimeshahesabu. Ni siku mia nne na ishirini na kitu." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Alipanga fomu, akazipangua.

"Utanisubiri?"

"Nikusubiri nikiwa nani wako?"

"Mchumba wangu. Mke wangu nikirudi."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mwalimu waziwazi, naye aliyaacha. Alichukua simu, akapiga, akasema maneno mawili, akaipitisha kwenye tundu la dirisha. "Hayo usiniambie mimi. Ongea na mwenyewe."

"Shikamoo, mama," Fundi alisema.

"Marahaba. Ni wewe uliyeandika ile ripoti?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuifuta."

"Unataka nini kwa mwanangu?"

"Nataka kumuoa, mama."

"Ati? Simu yangu mbovu hii. Sema kwa sauti."

"Nataka kumuoa."

Shoga wa dirisha la pili aliacha kuandika. Wagonjwa wa benchi la mbele waligeuza shingo.

"Bado sikusikii, baba. Nani anataka nini?"

Fundi alivuta pumzi, akapaza sauti mpaka Meneja akatoka ofisini. "Mimi, Fundi, nataka kumuoa huyu Mwalimu wa dirisha la tatu!"

Mtu mmoja mwenye pamba machoni akapiga kigelegele, wakafuata wengine, na Mwalimu akaufunika uso wake kwa skafu, mabega yakimtikisika.

"Sasa umenisikia, mama?" Fundi aliuliza, jasho likimtoka.

"Nilikusikia mara ya kwanza, mwanangu," mama alisema. "Nilitaka na wao wasikie."